Wipa Juani: Kumpeleka Mama Kuresoi

Nyinyi mliopita dukani kwangu wiki hii mkijifanya mnatafuta pazia, najua mlichotaka kujua. Mmesikia kwamba nilionekana karibu na Gilgil nikipangusa kioo kikavu cha gari kwenye jua kali, na mama yangu kando yangu amefunika uso kwa leso. Ni kweli. Nimechoka kulisimulia vipande vipande huku nikikatizwa, kwa hivyo nimeliandika lote hapa. Mkicheka, chekeni mkiwa kwenu.

Mnamjua mama, Truphena, yule anayekaa Karagita tangu siku zake za kazi kwenye mashamba ya maua. Ana ugonjwa wa sukari na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Dada yake mkubwa, Salome, aliolewa Kuresoi, huko juu kupita Molo, kwa wakulima wa viazi. Nyonga imemharibikia Salome, hawezi kupanda gari mbali. Nyumba yake haina stima. Dawa ya mama huwekwa kwenye friji, kwa hivyo mama naye amekuwa akikaa karibu na friji yake. Miaka imepita hivyo, wanaongea kwa simu, mmoja akiogopa nyonga na mwingine akiogopa joto. Mwezi uliopita Salome alimwambia kwamba sasa hata kufika shambani ni shida. Mama alinipigia akanieleza hilo. Hakuniomba chochote. Mimi nikajibu haraka, kama kawaida yangu, kwamba nitampeleka, na dawa yake italala kwenye friji njia nzima.

Gari nilikuwa nalo. Ni lile dogo lililokuwa likisambaza mikate, hadi leo ukifungua mlango wa nyuma unasikia njaa. Nilikuwa nimeweka kitanda, kabati, friji ndogo ya gari, na pazia. Pazia zilikuwa safi sana. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu ni kitu cha mwisho kinachonipendeza katika habari hii.

Sasa nieleze stima. Kuna betri mbili. Ya mbele huwasha injini. Ya pili, chini ya kitanda, hulisha friji na taa, ili ukiegesha usije ukaamka na gari limekufa. Katikati yake kuna chaja. Injini ikiwaka, chaja inavuta stima ya mbele na kujaza betri ya nyuma, ukizima, inakata. Ili ijue kwamba injini imewaka, ina waya mmoja mwembamba wa kuipa habari. Waya huo unauunganisha na waya mwingine wa gari ambao hupata stima ufunguo ukiwashwa.

Fundi wa waya za magari yuko mtaa wa pili kutoka dukani kwangu. Sikumwita. Nilikuwa nimetazama video nyingi na kununua koleo mpya. Siku niliyofanya kazi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha Nakuru, ufunguo umewashwa, na wipa zinapiga kioo kwa sababu nilisahau kuzizima nilipoegesha. Nikaingiza kichwa chini ya dashibodi, nikagusa nyaya kwa kalamu ya kupimia stima, na kwa waya wa kwanza kabisa kalamu ikawaka. Nikaunganisha hapo hapo. Taa ya kijani ya chaja ikawaka. Nilimwita mke wangu Rhoda aje aone.

"Imewaka," nikamwambia.

"Naona," akasema, akarudi ndani kuangalia chakula, nami nikaita majirani.

Kisha, ili kazi ionekane nadhifu, nilifunika sehemu ile yote ya chini ya dashibodi kwa ubao, nikaukaza kwa skrubu, na juu yake nikabandika kitambaa cha pazia kwa gundi. Skrubu mbili vichwa vyake viliisha nikizikaza. Sikujali. Sikuona sababu ya kuja kufungua tena.

Nakuru hadi Karagita

Nilitoka asubuhi, jua limechomoza vizuri. Friji ilikuwa imelala kwenye stima ya nyumbani, baridi tele. Nilipopita Mbaruk niliangalia taa ya chaja nikaona imezima. Nikajiambia betri imejaa, haihitaji kitu. Nilijisifu kwa kuinunua betri kubwa. Pale Kikopey nilisimama kula nyama kabla ya saa ya nyama, na mchoma nyama akaja kuangalia gari. Alishika pazia kati ya vidole viwili.

"Boss, hii ni ya hoteli?"

"Nimeshona mwenyewe."

"Na hii gari inatembea?"

Nilifikiri ni mzaha.

Karagita nilikaribishwa na wapangaji wote wa ploti. Mama alikuwa amevaa sweta mbili tayari kwa ajili ya Kuresoi, na jasho linamtoka. Majirani walipanga foleni kuingia kuketi kitandani, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alimshika mama mkono kama mtu anayeenda ng'ambo. Mama alinikabidhi insulini yake ya mwezi, chupa ndogo ndani ya boksi zao, zimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Ile anayoitumia kwa wakati huo aliibakiza kwenye mkoba.

"Wycliffe," akasema, "hii kitu ina baridi ya kweli?"

"Weka mkono, mama."

Akaweka mkono, akautoa, akauangalia. "Sawa," akasema. Lakini mkoba wenye ile chupa moja hakuuachilia.

Kamere, kwa sababu ya samaki

Mama hawezi kumtembelea dada yake mikono mitupu. Badala ya kurudi barabara kuu tukafuata ziwa hadi Kamere kununua samaki, kwa sababu Salome alikua akila samaki na huko juu hakuna. Nilidhani ni samaki wawili. Mama alichagua hadi yule mathe, mama muuza samaki, akaanza kumwonea huruma mtu atakayebeba.

Samaki walikuwa na joto la mchana. Niliwajaza kwenye friji, na ili waenee nikasukuma boksi za dawa nyuma kabisa, zikaegemea ukuta wa ndani, pale baridi inapotokea. Friji ikaanza kunguruma kwa taabu. Nikaionea huruma, nikazungusha kidude cha baridi hadi mwisho.

Kumbe hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa, lakini siku hiyo lilijificha nyuma ya kosa dogo.

Naivasha hadi Gilgil

Tulipokuwa tukipanda kutoka Naivasha, friji ililia mara tatu kama kifaranga ikanyamaza. Nilisimama kando ya barabara. Betri ya nyuma ilikuwa imeisha. Taa ya kijani haikuwaka. Nilikaza hiki, nikapuliza kile, nikabadilisha fyuzi ambayo haikuwa na shida. Mama alishuka, akaweka mkono juu ya samaki.

"Wameanza kupata joto."

"Nimeona, mama."

"Sijasema kitu. Nimesema tu wana joto."

Mnajua sauti hiyo. Nilijua pia kwamba hakuwa anafikiria samaki. Alirudi kuketi mbele na kuukumbatia mkoba, akiangalia upande tulikotoka. Nikaona kwamba nikikosea neno moja ataniambia nimrudishe, na nikimrudisha hatatoka tena Karagita, na Salome hatamwona. Nikawasha gari nikaendelea.

Karibu na Gilgil mvua ilitushukia, ile ya matone makubwa. Niliwasha wipa. Taa ya kijani ikawaka. Baada ya kitambo kidogo friji ikaanza kunguruma.

"Imepona," akasema mama.

Nilieleza kitaalamu kwamba betri ilikuwa imepata joto na mvua imeipoza. Nilieleza kwa muda mrefu. Mvua ikaisha, nikazima wipa, taa ikazima. Mvua ikarudi kidogo, nikawasha wipa, taa ikawaka. Nikazima. Nikawasha. Nikazima.

"Unacheza na nini?" akauliza mama.

Nilikuwa nimekumbuka siku ile ya mvua, na waya wa kwanza ulionikubali haraka. Ulikuwa waya wa wipa. Chaja yangu ilikuwa ikiamini kwamba injini imewaka pale tu wipa zinapopangusa.

Gilgil hadi Njoro

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa kazi ndogo: toa ubao, hamisha waya. Lakini ubao ulikuwa na gundi, kitambaa, na skrubu mbili zisizo na vichwa. Nilijaribu pale Gilgil hadi bisibisi ikanichoma kiganja. Kisha jua likatoka kama vile mvua haijawahi kunyesha, na samaki wakaanza kujitambulisha kwa harufu. Nikawasha wipa, nikaingia barabarani.

Mliosikia habari yangu, mliisikia kutokea hapo. Wipa kavu kwenye kioo kikavu zinatoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Nilirusha maji ya kuoshea kioo hadi yakaisha. Nilinunua maji ya chupa nikawa nasimama kumwagia. Madereva waliniwashia taa. Wengine walishusha kioo kunijulisha.

"Boss, hakuna mvua."

"Najua."

"Zima wiper."

"Siwezi."

Hapo ndipo mama alipojifunika leso.

Kulikuwa na kizuizi cha polisi. Afisa alitusimamisha, akazunguka gari polepole, akarudi dirishani kwangu. Wipa ziliendelea kulia kati yetu.

"Hizo ni za nini?"

"Zinachaji friji, afande."

Akanitazama. Akainama kidogo kunusa pumzi yangu, akakutana na harufu ya samaki, akarudi nyuma.

"Umelewa?"

Mama akafunua uso. "Hajalewa, afande. Ndivyo alivyo."

Afisa alimwamini mama mara moja. Alitupungia mkono tupite, na kwenye kioo cha pembeni nilimwona akiita wenzake waje waone.

Tulipofika Nakuru, mama aliuliza kwa upole kama tungepita kwangu, samaki na dawa viingie kwenye friji ya nyumba, tulale, kesho nimwite fundi. Lilikuwa wazo zuri kuliko yote ya siku hiyo. Lakini ningemkuta Rhoda. Ningemkuta na majirani niliowaita kuona taa ya kijani. Nikamwambia mama kwamba tukilala Nakuru tutachelewa. Tukapita mji wangu mwenyewe nimeshusha kofia, wipa zinapiga, na bado watu wangu wawili waliniita kwa jina.

Molo

Baada ya Njoro mvua ilirudi na haikuondoka. Wipa zikawa na haki yao, mimi nikawa dereva kama wengine. Taa ya kijani iliwaka njia nzima, na betri ikajaa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Tulifika Molo jioni, tukaambiwa lori la viazi limelala katikati ya barabara ya Kuresoi na hakuna anayepita. Tukaomba kuegesha kwenye kituo cha mafuta.

Mama alijidunga dawa, tukaingia hoteli ndogo iliyokuwa karibu. Tuliagiza chapati, maharagwe na chai, na mama akasema yake iwe bila sukari. Msichana wa pale akaleta chai, akainama karibu yangu.

"Mathe asiogope, sukari hatuongezi bei."

"Si bei. Ni ugonjwa."

"Pole," akasema, akaichukua ile chai. Akarudi na chai nyingine ya rangi, nyeusi, yenye tangawizi, na kijiko kimoja cha sukari kando, kwenye kisahani. "Akibadilisha mawazo," akasema.

Mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu Naivasha. Alilala kitandani ndani ya gari, mimi nikalala kiti cha mbele na usukani kifuani. Baridi ya Molo iliingia kila mahali. Nilisikia friji ikinguruma chini ya kitanda, imeshiba stima, imewekwa mwisho kabisa wa baridi, ndani ya mji ambao ukiacha maziwa dirishani yanakaa bila kuharibika. Nililala nikiisikiliza kwa fahari.

Kuresoi

Asubuhi mama alijidunga tena kutoka kwa ile chupa ya mkoba. Barabara ilikuwa imefunguliwa, tope kwa tope, ukungu umelala juu ya mashamba. Salome alitusubiri kwenye geti, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mwavuli juu. Alijaribu kusimama gari lilipokuwa bado linatembea. Mama alifungua mlango kabla sijasimama. Walishikana pale kwenye tope, kila mmoja akimpapasa mwenzake mgongo kama anayetafuta kitu kilichopotea. Mimi nilijifanya nakagua gurudumu.

"Umekuwa mwembamba," Salome akasema mwishoni.

"Na wewe umekuwa mfupi."

Nilikwenda kutoa samaki. Wa kwanza niliyemshika alikuwa kama kuni. Niligonga ukingo wa friji naye, akalia ko. Nikaingiza mkono nyuma nikatoa boksi za mama. Nilifungua moja. Ndani ya chupa hakukuwa na maji yanayotikisika. Kulikuwa na barafu.

Hata mimi nilijua kwamba insulini ikiganda haitumiki tena. Wamemwambia mama kliniki kila mara, naye ameniambia. Nilisimama nyuma ya gari nikiwa nimeshika dawa ya mwezi mzima. Nilikuwa nimepigania baridi tangu Naivasha, hadi nimechekwa na polisi, kisha nikaileta nyingi mno mahali ambapo baridi ni ya bure.

Nilifikiria kuificha. Nitasema ukweli, nilifikiria. Halafu mama akatokea pembeni ya gari, akaniona uso.

"Imeharibika?"

"Imeganda. Yote."

Alichukua chupa moja akaiinua kwenye mwanga. Nilimsubiri anikemee. Alifungua mkoba wake, akatoa ile aliyokuwa akitumia, akaitikisa, akapima kwa jicho.

"Hii ni ya leo jioni," akasema. "Kesho asubuhi haifiki."

"Narudi Molo sasa hivi."

"Kunywa chai kwanza."

"Mama, narudi sasa hivi."

Akaniangalia. Akanishika mikono yote miwili. "Basi nenda polepole," akasema. "Nikibaki bila dawa, nisibaki bila wewe pia."

Molo tena

Nilikwama mara mbili. Mara ya pili vijana waliokuwa wakipakia viazi waliacha magunia yao, wakanisukuma, na kiongozi wao, amejaa tope langu usoni, aliuliza kama hizo pazia zinauzwa. Niliwaza kwamba duka la dawa litakuwa limefungwa. Niliwaza kwamba hawatakuwa na aina yake. Niliwaza mama akimwambia Salome kwamba kila kitu ni sawa.

Duka lilikuwa wazi. Mwanamke aliyekuwa akihudumu, mtu mzima aliyevaa koti jeupe juu ya jaketi nzito, alisoma boksi langu, akafungua friji yake, akatoa aina ile ile. Niliegemea kaunta.

"Unapeleka wapi?"

"Kuresoi."

"Uko na friji?"

"Niko nayo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi sana."

Ilibidi nimweleze. Alisikiliza hadi mwisho bila kucheka, halafu akainama chini ya kaunta kutafuta kitu, na akakaa huko chini muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji. Akafunga dawa kwa gazeti, akanionyesha mfuko wa ndani wa koti langu.

"Weka hapa mpaka ufike. Kule juu baridi inatosha, iweke kabatini, mbali na moto. Na tafadhali, mzee, usiirudishe kwa hiyo friji yako."

Niliendesha mkono mmoja ukiwa juu ya mfuko huo. Nilifika alasiri. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, na niliwakuta wamekaa nyuma ya nyumba kwenye magunia, Salome amenyoosha mguu wake mbaya, wanachagua viazi: vya kuuza huku, vya mbegu kule. Samaki alikuwa jikoni anachemka. Nilitoa dawa mfukoni. Mama akaipokea, akaitikisa, akaona inatikisika, akamwonyesha dada yake.

"Nilikwambia atapata," akasema.

Sijui kama alimwambia hivyo kweli. Aliificha kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani, na kurudi kwenye viazi.

Jioni hiyo tulikula samaki kwa ugali, na Salome alinyonya mifupa hadi ikawa myeupe. Siku iliyofuata sikuwa na kazi. Niliazima nyundo na patasi, nikavunja ubao wangu mzuri wa dashibodi, nikatoa waya mwembamba kwenye wipa na kuupeleka kwenye waya wa redio. Nikageuza ufunguo. Taa ya kijani ikawaka na kubaki imewaka. Niliangalia huku na huku. Hakukuwa na mtu wa kumwita.

Tulikuwa tumekubaliana kurudi siku ya tatu. Niliwasha gari mapema, nikalipasha moto, nikapiga honi kidogo kwa adabu. Mama akatoka jikoni na kikombe mkononi, amevaa gauni la Salome.

"Siwezi kwenda hivi," akasema. "Nguo zangu nimefua."

Nikaangalia uani. Alikuwa amefua kila kitu alichokuja nacho, hata zile sweta mbili, hata leso, na kuvianika kwenye ua wa miti, ndani ya ukungu. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mikono ya sweta.

"Hizi zitakauka lini, mama?"

"Huku zinachelewa," Salome akajibu kutoka ndani.

Nilirudi Nakuru peke yangu. Dawa yake nimekuwa nikiituma Molo, na jirani wa Salome anaichukua akishuka na viazi. Kila Jumapili nampigia mama kuuliza kama nije kumchukua, naye huniambia nisubiri kidogo aangalie nguo. Namsikia akifungua mlango, akisimama nje, na Salome akicheka nyuma yake. Kisha anarudi kwenye simu.

"Bado," ananiambia. "Ziko na unyevu."